Simu Mpya Imetoka: Ubadilishe Uliyonayo au Uiache Ipite?

Kila toleo jipya likitangazwa, maswali huwa yaleyale. "Nina ya miaka mitatu nyuma, nichukue hii?" "Hii ina megapikseli 200 na ile ina 50, si jibu liko wazi?" "Wanasema ina akili bandia, nisipoichukua si nitaachwa nyuma?" Badala ya kumjibu kila mtu upya, nimeziweka hapa hatua ninazompa yeyote anayeuliza. Zifuate kwa mpangilio wake. Wengi huanzia ya nne, wakaishia kununua tangazo.

Jambo moja lijue mapema. Mtengenezaji hulinganisha simu yake mpya na ya mwaka jana, kisha hutafuta tofauti ya kupigia kelele. Wewe ilinganishe na simu uliyoishika, kwa mambo unayoyafanya nayo kila siku. Simu ileile inaweza kuwa haina lolote jipya kwa mwenye ya mwaka jana, na ikawa mkombozi kwa mwenye ya miaka sita.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Simu yako ya sasa na jina lake kamili la modeli, lile lililo kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Usiishie kusema "ni Redmi Note" au "ni Galaxy A". Huo ni ukoo mzima, si simu moja.
- Daftari, au sehemu yoyote ya kuandika.
- Orodha ya sifa za simu mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji. GSMArena, tovuti ya sifa za simu, nayo inasaidia, kwa sababu unaweza kuziweka simu mbili au tatu ubavu kwa ubavu.
- Bei tatu: ya simu mpya, ya modeli iliyoitangulia, na ya kubadilisha betri ya simu yako kwa fundi unayemwamini. Hiyo ya tatu ndiyo husahaulika, na mara nyingi ndiyo humaliza mjadala.
- Subira ya siku chache.

Hatua ya 1: Andika kinachokukera

Kwa siku tatu au nne, kila simu inapokuudhi, andika. Andika tukio lenyewe, si hukumu. "Simu ni mbovu" haisaidii. "Nimefungua kamera, imechukua muda mpaka tukio limepita" inasaidia. "Saa tisa alasiri chaji imebaki asilimia 12 na sijacheza gemu lolote" inasaidia zaidi.

Siku zikiisha, soma ulichoandika. Ukikuta ukurasa mtupu, au mambo mawili madogo, umepata jibu: ruka uangalie masasisho tu kwenye Hatua ya 3, kisha unaweza kuacha kusoma. Kutamani simu mpya si dhambi, ila usiite tamaa hitaji, maana ukiiita hivyo utaitafutia sababu na sababu hazikosekani.

*Kosa la kuepuka:* kuandika sifa unazozitaka badala ya kero ulizonazo. Ukianza na "nataka Hz 120" (mara ambazo kioo hujichora upya kwa sekunde), hesabu yote inayofuata imeshaharibika.

Hatua ya 2: Itibu kwanza ya zamani

Kero nyingi zinazowapeleka watu dukani zina sababu mbili tu: betri iliyochoka na hifadhi iliyojaa.

Anza na betri. Kwenye iPhone, nenda Mipangilio, Betri, kisha afya ya betri. Kwenye Samsung, programu ya Samsung Members ina sehemu ya uchunguzi inayokuonyesha hali ya betri. Simu nyingine za Android huonyesha ndani ya mipangilio ya betri. Uwezo ukishuka chini ya asilimia 80 ya ule wa mwanzo, betri hiyo imefikia umri wa kubadilishwa. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, na za iPhone 15 kuendelea mizunguko 1000.

Betri haigusi muda wa chaji peke yake. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Watu waliodhani simu zao zimezeeka walibadilisha betri na kasi ikarudi. Kwa hiyo ukiona simu nzito na chaji haikai, usihukumu prosesa (ubongo wa simu) kabla hujaipima betri.

Kisha hifadhi. Simu iliyojaa hadi ukingoni inaganda, inakataa kusasisha programu, na kamera inagoma kurekodi. Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio ya hifadhi, utazame video za magrupu zilizokaa humo miaka mingi. Futa mpaka upate angalau sehemu moja ya kumi iliyo wazi, zima simu, iwashe, uitumie siku mbili.

Rudi kwenye daftari lako. Futa kila kero iliyoondoka. Zilizobaki ndizo tunazoenda nazo.

*Tahadhari:* betri iliyovimba, inayosukuma kioo au mgongo wa simu, si ya kujaribiwa. Acha kuichaji, usiibonyeze, mpelekee fundi.

Hatua ya 3: Hesabu miaka ya masasisho

Hapa ndipo simu mpya hushinda kwa haki, na ndipo watu hawatazami kabisa.

Simu isiyopata masasisho ya usalama inaendelea kuwaka, lakini matundu yanayogunduliwa hayazibwi tena, na polepole programu zinaikimbia. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizofikia iOS 15.1, na hapo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikaaga. Wenye simu hizo hawakuchagua siku ya kubadilisha, walichaguliwa.

Fanya hivi. Angalia kwenye Mipangilio tarehe ya sasisho la mwisho la usalama la simu yako. Ikiwa ni zaidi ya mwaka mmoja nyuma na hakuna jipya la kupakua, uzito wa kubadilisha umeongezeka, hata kama daftari lako ni tupu.

Halafu angalia ahadi ya simu unayoitaka. Google iliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023. Samsung ikafuata na miaka 7 kwa Galaxy S24 ya Januari 2024, wakati S23 iliyotangulia iliahidiwa matoleo manne ya Android na miaka mitano ya usalama. Ukizishika mkononi, S23 na S24 ni kama pacha. Tofauti kubwa kati yao ni hiyo ahadi, na haikupata nusu ya kelele iliyopewa akili bandia.

*Kosa la kuepuka:* kuhesabu kuanzia siku uliyonunua. Miaka huanza simu inapoingia sokoni. Anayenunua Galaxy S24 mwanzoni mwa 2027 amenunua miaka minne, si saba. Na simu za bei nafuu za kampuni hizohizo mara nyingi zina ahadi fupi kuliko hizi, kwa hiyo tafuta modeli yako kwa jina, usisome ahadi ya kaka yake mkubwa.

Hatua ya 4: Soma sifa ukiwa na kalamu

Sasa fungua orodha ya sifa. Chukua kero zako zilizobaki na utafute mstari unaoijibu kila moja. Mstari usiojibu kero yoyote, upite.

Kamera. Hesabu ya megapikseli ndiyo mtego unaonasa wengi. Kamera ya megapikseli 200, kwa kawaida, huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.5. Ya 50 huunganisha nne kuwa moja na kukupa hizohizo 12.5. Kinachoamua picha ya usiku au ya ndani ni ukubwa wa kihisi, uwazi wa lenzi na uchakataji wa simu. Ukubwa wa kihisi huandikwa kama sehemu ya inchi, na namba ya chini ikiwa ndogo kihisi ni kikubwa: 1/1.3 ni kikubwa kuliko 1/2.8. Tafuta pia kitulizo cha mtikisiko kilicho ndani ya lenzi yenyewe, ambacho huandikwa OIS. Mikono ikitetemeka gizani, hicho ndicho hukuokoa. Kamera ya megapikseli 2 ya kupiga vitu vya karibu, iliyopachikwa ili idadi ifike tatu, ihesabu kama pambo.

Chipu, yaani prosesa. Usifuate namba ya simu, fuata jina la chipu. Chukua iPhone 13 ya 2021 na iPhone 14 ya 2022. Zote mbili zina chipu ya A15, kioo cha Hz 60 na tundu la chaji la Lightning, lile la Apple peke yake. Ya 14 iliongezewa RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu), kiini kimoja cha michoro, kamera iliyoboreshwa kidogo, kutambua ajali ya gari na ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Kutoka 13 kwenda 14 sikuwahi kumshauri mtu. Mwaka uliofuata, iPhone 15 ikaja na A16, kamera kuu ya megapikseli 48 na USB-C. Matoleo mawili yanayofuatana, moja limetembea hatua moja, jingine tatu. Usidhani kila mwaka una uzito sawa.

RAM na hifadhi. Ukiona "GB 8 + 8", ile ya pili si RAM. Ni nafasi iliyoazimwa kwenye hifadhi, nayo ni ya polepole zaidi. Hesabu 8. Angalia pia aina ya hifadhi: UFS ina kasi kuliko eMMC, na simu ya bei nafuu yenye eMMC itaanza kukwama mapema hata ikiwa na RAM ya kujivunia. Kwa ukubwa, kama GB 128 zako zimejaa leo, kununua nyingine ya GB 128 ni kununua kero ileile upya.

Kioo. Kutoka Hz 60 kwenda 120 utaiona ukiwa unateleza kurasa, hasa siku za mwanzo. Kutoka 120 kwenda 144, sahau. Mwangaza wa "hadi niti 4000" ni wa sehemu ndogo ya kioo kwa muda mfupi. Neno "hadi" ndilo la kulitilia shaka popote unapolikuta.

Chaji. Wati 120 zinapatikana kwa chaja na waya wa mtengenezaji mwenyewe. Ukichomeka chaja nyingine zinashuka sana. Na tundu kufanana hakumaanishi kasi kufanana: iPhone 15 ya kawaida na 15 Pro zote zina USB-C, lakini ya kawaida huhamisha data kwa kasi ya USB 2, megabiti 480 kwa sekunde, na Pro hufika gigabiti 10. Kwa anayechaji tu haina maana. Kwa anayehamisha video ndefu kwenda kompyuta, ina maana sana.

Akili bandia. Uliza vitu viwili: inafanya kazi kwa lugha yangu, na inafanya kazi ndani ya simu au kwenye seva, yaani kompyuta za mbali za kampuni? Kama ni kwenye seva, huenda unaweza kuipata kwa programu ya kupakua kwenye simu uliyonayo. Kama ni ndani ya simu, soma masharti: Apple Intelligence, akili bandia ya Apple, ilianzia iPhone 15 Pro, ikaiacha iPhone 15 ya kawaida iliyotoka siku ileile.

Hatua ya 5: Angalia utakachopoteza

Watu huhesabu vinavyoongezeka tu. Chukua simu yako, izungushe mkononi, utaje kila tundu na kila kitufe unachokitumia. Kisha uvitafute kwenye simu mpya.

Kwa upande wa iPhone, tundu la earphone lilitoweka kuanzia iPhone 7, mwaka 2016. Sehemu ya memori kadi iliondoka kwenye mfululizo wa Galaxy S kuanzia S21, mwaka 2021. Chaja ndani ya boksi nayo, tangu iPhone 12. Na ukinunua iPhone 14 au ya baadaye iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, haina sehemu ya laini ya kawaida kabisa. Ni eSIM tu, laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuchomeka. Kama kampuni yako ya simu haitoi eSIM, umenunua kamera nzuri isiyopiga simu.

Hakikisha pia masafa ya mtandao. Simu iliyotengenezwa kwa soko jingine inaweza kuandikwa 5G na isishike 5G ya kampuni yako, kwa sababu bendi, yaani masafa hayo, hazioani. Orodha ya bendi ipo kwenye sifa za simu. Iliyobaki mwulize mtoa huduma wako.

Hatua ya 6: Ipime na iliyoitangulia

Siku simu mpya inapotoka, ya mwaka jana hushuka bei na haijapoteza uwezo wowote. Fanya hesabu ya bei kugawanya kwa miaka ya masasisho iliyobaki.

Tuseme mpya ni 10 na ina miaka 6. Iliyotangulia ni 7 na ina miaka 5. Nafuu kabisa ni 4 na ina miaka 2. Kila mwaka mpya inakugharimu 1.67, iliyotangulia 1.4, na ile "ya bei rahisi" 2. Hapo umenunua rahisi kwa bei ghali. Weka namba zako halisi, usizibebe hizi. Kama unabadilisha simu kila baada ya miaka miwili, gawanya kwa miwili na utoe bei utakayoiuzia.

Hatua ya 7: Ishike kabla ya kulipa

Dukani, usiangalie video ya maonyesho inayocheza kwenye kioo. Fungua kamera ukiwa na stopwochi kichwani. Piga picha ya maandishi madogo kutoka upande wa pili wa chumba, kisha uvute uone kama herufi zinasomeka. Piga kitu kinachotembea. Andika sentensi nzima kwa mkono mmoja. Ingiza simu mfukoni mwa nguo unayovaa siku zote, uketi.

Ikiwa imetumika, bonyeza *#06# ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya boksi, angalia afya ya betri, na hakikisha muuzaji ametoka kwenye akaunti yake ya Google au iCloud mbele yako. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine huwezi kuiandaa upya iwe yako.

Hatua ya 8: Hama taratibu

Fanya chelezo (nakala ya akiba) ya picha na ya WhatsApp kwenye simu ya zamani. Hamisha programu za namba za uthibitisho, zile za kuingilia akaunti, kabla ya kitu kingine. Hizi ndizo huwafungia watu nje. Ingia kwenye programu za benki ukiwa na simu zote mbili mezani, kwa sababu nyingi hufungwa kwa kifaa kimoja. Usiifute simu ya zamani mpaka uwe umeitumia mpya wiki nzima bila kuihitaji.

Ukikwama

*Simu mbili zimelingana kila kitu.* Chukua yenye miaka mingi ya masasisho. Bado zimelingana? Yenye hifadhi kubwa. Zinazouzwa Ulaya tangu 20 Juni 2025 zina lebo inayoonyesha mizunguko ya betri, uimara zikianguka na urahisi wa kutengenezwa. Unaweza kuisoma hata ukiwa mbali na Ulaya, ila hakikisha modeli ni ileile.

*Simu mpya inapata joto na chaji inaisha haraka.* Siku za kwanza inapakua programu na kupanga picha zako zote. Ipe siku chache. Ikiendelea, tazama kwenye mipangilio ya betri ni programu gani inayokula, kisha utumie haki yako ya kurudisha kabla muda haujapita.

*Picha ni mbaya kuliko za simu ya zamani.* Bandua nailoni ya kiwandani kwenye lenzi. Utashangaa ni wangapi hawaibandui. Kisha piga kwa programu ya kamera yenyewe, si ndani ya programu ya mtandao wa kijamii, na ukituma kwa WhatsApp chagua HD.

*Inachaji polepole.* Badilisha waya kwanza, kisha chaja. Kwa Samsung, chaji ya kasi kubwa huhitaji chaja inayoelewa PPS, mfumo unaoiwezesha kurekebisha umeme kadiri simu inavyohitaji. Wati nyingi peke yake hazitoshi.

*5G haionekani.* Angalia aina ya mtandao uliyochagua kwenye mipangilio, kisha uulize mtoa huduma kama laini yako ya zamani inakubali. Kama bendi ndizo hazioani, hakuna mpangilio utakaoiponya.

*Mazungumzo ya WhatsApp hayakurudi.* Usiruhusu chelezo mpya, maana itaifuta ya zamani. Ondoa programu, ipakue tena, ingia kwa namba ileile na akaunti ileile ya Google au iCloud, na safari hii usiruke pale inapokuuliza kama urejeshe.